Msamiati wa Kiingereza kwa intavyu ya shule: maswali ambayo wazazi wa Kisumu huniuliza kila mara

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, huwa nakaa na watoto wanane kwenye veranda yangu huku Manyatta. Wengi ni wa gredi ya tano na ya sita. Wazazi wao wanawaandaa kwa ile tunayoiita intavyu, yaani mtihani ambao shule za kibinafsi na akademi hutoa kabla ya kumpokea mtoto mpya. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, kwanza Nakuru, kisha hapa nyumbani. Maswali ninayoulizwa getini yanafanana sana, kwa hivyo nimeyakusanya hapa, na majibu yake nimeyaandika nikiwa nimeketi, si yale ya haraka ninayoyatoa mkono ukiwa tayari kwenye kufuli.

Mwalimu, hiyo intavyu hupima nini hasa upande wa Kiingereza?

Hakuna karatasi moja ya wote. Kila shule hutunga yake. Lakini anayeniuliza hivyo mara nyingi ni mzazi aliyefanya KCPE, ule mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, nami humwambia tu: ikumbuke karatasi yako. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, ila wengi wanaotunga hii mitihani ya kuingilia ni walimu waliozoea muundo ule, na kivuli chake bado kiko. Kuna kifungu chenye mapengo, kila pengo na majibu manne ya kuchagua. Kuna visawe na vinyume. Kuna ufahamu, na ndani yake swali moja au mawili ya kutaka maana ya neno jinsi lilivyotumika. Halafu insha. Shule nyingine huongeza mazungumzo: mtoto anaketishwa mbele ya mwalimu na kuulizwa alifanya nini likizo.

Kwenye mapengo ndiko watoto wetu huacha alama nyingi. Tazama hili nililolitunga mwenyewe: "At dawn the boats returned to Dunga, heavily ____ with omena." Majibu ni A, carried, B, loaded, C, full, D, lifted. Mtoto anafikiri kwa Kiswahili: mashua imebeba omena, kubeba ni "carry", basi A. Na maneno yote manne anayajua! Ukimuuliza maana ya kila moja atakujibu bila kusita. Asichokijua ni kwamba "heavily" na "loaded" hutembea pamoja, na kwamba "carried" hapo ingemaanisha mashua yenyewe ndiyo iliyobebwa.

Kuna orodha ya maneno ambayo mtoto akiyashika amepita?

Ningekuwa nayo ningekuwa nimejenga Milimani, mtaa wa matajiri.

Orodha zinazouzwa ziko. Mzazi mmoja aliniletea fotokopi ya kurasa kumi na mbili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na mwanawe alikuwa ameikariri yote kutoka juu hadi chini. Neno "issue" lilikuwa limeandikiwa "toa". Kwenye insha, mtoto akaandika: "I issued my shoes at the door." Sasa utamlaumu? Kwetu viatu hutolewa mlangoni. Takataka hutolewa, jino hutolewa, hotuba hutolewa, kumi hutolewa kwa hamsini, pesa hutolewa kwa wakala. Kiswahili kinatosheka na "toa" moja. Kiingereza kinataka "take off", "take out", "extract", "give", "subtract" na "withdraw". Orodha ya neno kwa neno haina nafasi ya kumwonyesha mtoto hayo yote, na aliyeifotokopi hakuwa na haja nayo.

Nami nisijitoe lawamani. Nilipoanza kazi nilikuwa naandika maneno 20 ubaoni kila Jumatatu. Ijumaa nikiuliza maana, darasa zima linajibu kwa sauti moja, dirisha linatetemeka, nami natembea kifua mbele. Muhula ulipoisha nikasahihisha insha zao. Katika maneno yale yote niliyakuta matatu tu, na mawili yalikuwa yametumiwa vibaya.

Basi ajifunze mangapi kwa siku?

Matano. Siku sita, Jumapili apumzike. Ukianza wiki 12 kabla ya intavyu hayo ni maneno 360, na maneno 360 anayoweza kuyaandika katika sentensi yake yatamfikisha mbali kuliko 1,000 anayoyatambua kwa kuchungulia. Siku akichoka, matatu yanatosha.

Unasema "aweze kulitumia". Kulijua neno ni kujua nini?

Nitaeleza kwa neno moja, "reluctant", kwa sababu ndilo tulilolifanya Jumamosi iliyopita.

Sikuanza na maana. Niliwauliza: umewahi kutumwa dukani, hutaki kwenda, lakini mama amekutazama vile hutazama, ukainuka? Wakacheka wote, kila mmoja na lake. Nikawaambia, Kiswahili chetu kinasema umekwenda shingo upande. Kwa Kiingereza umekwenda "reluctantly". Mvulana mmoja akapinda shingo akatembea hadi getini na kurudi, na nadhani hakuna atakayelisahau neno hilo.

Kisha tukatafuta ukoo wake. "Reluctant" ni vile mtu alivyo, "reluctantly" ni vile anavyolifanya jambo, "reluctance" ni hali yenyewe. Watoto hulielewa hili upesi ukiwakumbusha zuri, vizuri, uzuri. Tukaangalia kinachofuata baada yake: "reluctant to go", "reluctant to speak", mara nyingi "to" na kitenzi. Tukatafuta kinyume, tukapata "willing", na mbele zaidi "eager".

Hapo msichana mmoja akauliza kama "reluctant" na "lazy" ni kitu kimoja. Ilikuwa somo zima katika swali moja. Tukabishana. Mvivu hataki kazi yoyote. Aliye "reluctant" anaweza kuwa mchapakazi hodari, ila kwa jambo hili moja moyo wake unasita. Vitabu vinavyopanga visawe kwenye safu havikuambii hivyo. Vinakuacha uamini kwamba "thin", "slim" na "skinny" ni mtu yule yule, kumbe mmoja kati ya hao ametukanwa.

Mwisho kila mtoto aliandika sentensi yake, na sharti langu ni kwamba iwe kweli tupu ya maisha yake. Msichana yule akaandika: "My brother was reluctant to lend me his bicycle because I broke the chain in April." Ni ugomvi wa kwao nyumbani, na baiskeli naijua.

Neno moja namna hiyo linakula dakika kumi na tano. Si kila neno linastahili. "Bucket" haihitaji ukoo wala kinyume. Mwonyeshe ndoo, mwendelee.

Leo anajua, kesho amesahau. Ana shida ya kichwa?

Hana. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tunasahau kwa kasi kubwa saa za mwanzo, kisha kasi inapungua. Anayerudia kwa kupumzika katikati hukumbuka vizuri kuliko anayerudia kwa mkupuo. Baadaye Sebastian Leitner, katika miaka ya 1970, alieneza njia ya kadi na visanduku inayofuata wazo hilo, na ndiyo tunayoitumia hapa.

Kata kadi kutoka kwa kalenda ya mwaka jana au jalada la daftari lililoisha. Upande mmoja andika neno. Upande wa pili andika sentensi ya mtoto mwenyewe, na mahali pa neno uache pengo. Tafuta maboksi matatu ya viatu. La kwanza linapitiwa kila siku, la pili kila siku ya tatu, la tatu Jumamosi. Kila kadi mpya huanzia la kwanza. Akisoma sentensi yenye pengo na kulitaja neno, tena kwa herufi zake, kadi inapanda boksi. Akikosa inarudi la kwanza, hata kama ilikuwa imefika la tatu. Dakika kumi baada ya chai ya jioni zinatosha.

Kosa ninaloliona nyumba nyingi ni mtoto kugeuza kadi haraka na kusema, "Ah, hiyo naijua." Haijui. Ameitambua. Lazima aseme au aandike kwanza, ndipo ageuze.

Nimkataze Kiswahili na Dholuo nyumbani ili Kiingereza kishike?

Hapana, mama. Swali hili huniudhi kidogo, si kwa sababu yako, ni kwa sababu ya kile kibao tulichovalishwa shingoni tukiwa wadogo kila tuliposhikwa tukisema lugha ya nyumbani. Kilitufunza kunyamaza. Kiingereza hakikutufunza.

Mtoto mwenye Kiswahili kizuri ana mahali pa kuliangika neno jipya. Ukimwambia "stingy" ni mtu mkono wa birika, amemaliza. Sera yenyewe ya elimu inataka gredi ya kwanza hadi ya tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia gredi ya nne. Ndiyo maana wazazi wengi huona mtoto ameteleza ghafla gredi ya nne: hajawa mjinga, ila "evaporation" imeingia darasani bila kubisha hodi. Aliyeelewa mvuke kwenye sufuria ya ugali, kwa lugha yoyote, anabaki na kazi ya kujifunza jina tu.

Kinachohitajika ni kumwonyesha pale ambapo lugha zetu na Kiingereza hazikati nguo kwa kipimo kimoja. Kwetu tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia baridi. Kiingereza kina "hear", "feel" na "smell", na asiyeonywa ataandika "I heard hunger." Sisi tuna kidole, wao wana "finger" mkononi na "toe" mguuni. Saa ya ukutani, saa ya mkononi na saa nzima ya kungoja matatu ni maneno matatu kwao. Kitenzi kuazima ndicho kinachonitoa jasho zaidi, kwa sababu anayetoa na anayepokea wote "wanaazima". Kwa hivyo mtoto anamwambia mwenzake, "Borrow me your pen." Mimi hutumia mikono: kitu kikija kwangu ni "borrow", kikienda kwako ni "lend". Tunafanya kwa kalamu halisi, mara kumi, hadi wanachoka.

Halafu kuna mpishi. Lima, mkulima; "farm", "farmer". Fundisha, mfundishaji, "teach", "teacher". Mtoto ameona mpango, anaandika kwa ujasiri: "My mother is a good cooker." Mama amegeuzwa jiko. Mtu ni "cook", kifaa ni "cooker". Msimcheke. Amefikiri vizuri, lugha ndiyo iliyomwangusha.

Anaongea vizuri, lakini akiandika ni aibu. Kwa nini?

Kwa sababu anaandika anachokisikia, na masikio yetu yamezoea vokali tano za Kiswahili. "Hat", "hut", "hurt" na "heart" kwa wengi wetu hutoka mdomoni kama neno moja. Vivyo hivyo "ship" na "sheep", "full" na "fool".

Juu ya hapo kila lugha ya nyumbani ina mtego wake. Dholuo haina sauti ya "sh", kwa hivyo "shoe" na "Sue" hupishana mlangoni. Nami mwenyewe ilinichukua miaka. Nilipokuwa Nakuru, watoto wa Kikuyu waliniandikia "We played to God" kwa sababu ya "l" na "r". Aliyekulia kwenye Kibukusu au Kikalenjin atahangaika na "bag" na "back", "big" na "pig". Hakuna haja ya kumwonea mtoto haya kwa lafudhi. Lafudhi haisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Tahajia ndiyo inayosahihishwa.

Dawa ni imla ya zamani, ile ile. Sentensi nne tu kwa jioni, ukiyapanga maneno yanayofanana kwa sauti lakini sentensi ikimwongoza: "He hurt his foot outside the hut." Sikio halimsaidii, lazima afikiri. Na yale yenye herufi zilizolala, kama "knife", "debt", "island" na "castle", tunayasoma kwa kuchekesha jinsi yalivyoandikwa: ka-ni-fe, is-land. Neno ulilolicheka hulikosei tena.

Katuni za YouTube zinamsaidia?

Kwa masikio, sana. Ila nyingi ni za Marekani, na mtihani wetu unaandikwa kwa Kiingereza cha Uingereza. Mtoto anakuja na "pants" akimaanisha "trousers", "gas" badala ya "petrol", "trash" badala ya "rubbish". Simu nayo inamsahihisha "colour" kuwa "color". Badilisha lugha ya simu iwe Kiingereza cha Uingereza; ni kazi ya dakika moja kwenye mipangilio.

Pia kuna Kiingereza chetu cha hapa. "I alighted at the stage" inaeleweka Kondele, lakini kwa Mwingereza "stage" ni jukwaa la kuigizia. Kwenye insha aandike "bus stop".

Na vile vitenzi vya maneno mawili, "put off", "look into"?

Hivyo ni vigumu kwa sababu maana haimo ndani ya vipande. "The headteacher put off the meeting": nusu ya watoto wangu walisema mwalimu mkuu aliuzima mkutano, kama taa. Aliuahirisha. Usivipange kwa kitenzi, yaani "put off, put on, put out, put up with" kwenye ukurasa mmoja. Vitachanganyika kama soksi. Vipe kila kimoja hadithi yake, siku yake. "Put up with" tuliifundisha kwa jirani mwenye redio. "Run out of" haikuhitaji mwalimu: "We have run out of sugar" ni sentensi ya kila nyumba.

Mwalimu wake amempa misemo ya kupamba insha. Aikariri?

Unaijua hiyo misemo. Jua linang'aa "brightly in the blue sky", mtoto anaamka "as fresh as a daisy", na kabla ya ukurasa kwisha "Lo and behold!" jambo limetokea. Nimesahihisha insha hizo kwa mamia. Daisy ni ua, na kati ya watoto wangu wanane hakuna aliyewahi kuliona.

Sisemi nahau ni mbaya. Moja iliyokaa mahali pake inapendeza. Lakini msahihishaji aliyesoma daisy arobaini tangu asubuhi, akikutana na mtoto aliyeandika kwamba alikuwa na furaha "like a goat that has found an open gate", ataamka kwenye kiti. Huyo mtoto ameitazama mbuzi kwa macho yake. Ningemwongezea alama hata kama amesahau nukta.

Kitu kinachoinua insha kuliko nahau ni kitenzi sahihi. Mchukue mtoto na "walk" yake, umwambie aonyeshe kwa miguu: "limp" ni kuchechemea, "stagger" ni kupepesuka, "tiptoe" ni kunyata, "stroll" ni kutembea kwa starehe, "march" anaijua kutoka gwaride. Watoto wanane wakipepesuka kwenye veranda ni kelele, lakini hayo matano huyakuta kwenye insha wiki inayofuata.

Hatuna vitabu nyumbani, na hali yenyewe unaijua.

Mna pakiti ya unga. Sitanii. Soma na mtoto maandishi yake: "fortified", "ingredients", "net weight", "best before", "store in a cool, dry place". Muulize kwa nini unga umeandikwa "fortified". Umeongezwa vitamini na madini, yaani umetiwa nguvu. Sasa mpe "fort", ngome, kama Fort Jesus kule Mombasa. Neno limeshika mzizi, na hamjatumia hata shilingi.

Mnapoenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, mpe kazi: atafute vitu kumi asivyovijua jina kwa Kiingereza. Atarudi na gunia, mizani, kibanda, kayamba, chungu. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi na swali la gorogoro, na baada ya majadiliano marefu tulikubaliana kwamba gorogoro ni gorogoro, ila kwenye insha aandike "a two-kilogram tin". Kwenye tuktuk afikirie "fare", nauli, na pacha wake wa sauti, "fair". Bucha ina funzo lake pia: mnyama akiwa hai ni "cow", "pig" na "sheep", akifika sahani ni "beef", "pork" na "mutton". Ni kwa sababu Wanormani waliitawala Uingereza baada ya 1066: maskini waliofuga waliendelea na majina yao ya Kiingereza, mabwana waliokula walileta ya Kifaransa. Watoto hupenda sana hadithi hii, wanaona imewahusu.

Na maktaba ya umma ipo hapa Kisumu, na Nakuru na Kakamega vilevile. Achague kitabu mwenyewe. Kipimo changu ni vidole: afungue ukurasa wowote, akunje kidole kwa kila neno geni. Mkono ukiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho kingoje mwaka ujao.

Mimi Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nitamsaidia vipi?

Huyu baba aliyeniuliza ni fundi wa pikipiki, na mwanawe sasa ndiye mwenye kadi nyingi kuliko wote. Huhitaji kujua jibu. Shika kadi, usimwonyeshe, umuulize kwa lugha yenu maswali matatu: Linamaanisha nini? Liandike nione. Lini mara ya mwisho jambo hili lilikutokea? Linganisha herufi na kadi. La tatu ndilo kubwa, na mara nyingi mtaishia kupiga hadithi. Iacheni iendelee, kisha muulize angelisema vipi kwa Kiingereza.

Mwache akufundishe pia. Baba yule alijua "chain", "brake" na "spoke" tangu zamani kazini, hakujua tu kwamba anajua.

Nimlipie tuisheni likizo nzima?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kutwishwa tuisheni ya likizo, na mtoto aliyechoka hashiki neno. Pesa hizo mnunulie kamusi nzuri ya wanafunzi, ile yenye mfano wa sentensi chini ya kila neno. Isiyo na mifano iache dukani.

Tumebaki na wiki mbili tu!

Acha maneno mapya. Pitieni maboksi. Fanyeni viambishi, kwa kuwa kipande kimoja hufungua milango mingi: "un-", "dis-", "mis-", "re-", "-less", "-ful". Aandike insha moja kila baada ya siku mbili, fupi, na wewe umuulize tu ni kitenzi gani angekibadilisha. Usiku uliotangulia alale mapema.

Siku yenyewe akikutana na neno asilolijua kabisa?

Atakutana nalo, watunzi huliweka makusudi. Ninachowazoeza ni kutoganda. Soma sentensi yote, kisha ile inayofuata. Uliza: ni kitendo, kitu au sifa? Ni jambo zuri au baya? Kuna kipande unachokitambua?

Wiki kadhaa zilizopita niliwapa hii: "The hippo submerged, and for several minutes we saw nothing but bubbles." Hakuna aliyelijua neno lenyewe. Lakini wote wamefika Hippo Point na kumwona kiboko akifanya hivyo hivyo. Mvulana yule wa kupinda shingo akasema ni kitendo, kiboko haonekani tena, kuna mapovu, kwa hivyo amezama. Mwingine akakumbuka "submarine", akasema "sub" lazima iwe chini.

Nikadhani tumemaliza. Yeye akauliza: "Mwalimu, na 'subtract' je? Kuna nini chini pale?" Ikabidi nikae. Nikawaambia "tract" ni kuvuta kwa Kilatini, basi hapo ni kama kukivuta kitu kwa chini na kukiondoa. Kimya kidogo, halafu msichana wa baiskeli akapiga kelele: "Kumbe trakta!" Tukaacha ufahamu, tukatafuta kila kinachovutwa, "attract", "extract", "distract", mpaka mzazi wa kwanza akabisha geti, na kadi nne mpya zikaingia boksi la kwanza.